Shule ya Misheni ya Bagamoyo na Watoto Wasiotajwa

Anayefika kwenye misheni ya Wakatoliki Bagamoyo hakosi kuonyeshwa mbuyu. Ni mbuyu mnene, na kwenye shina lake zimechomoza pete chache za mnyororo. Sehemu iliyobaki imemezwa na mti. Habari inayosimuliwa pale ni kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiuguza wagonjwa, alizoea kumfunga punda wake hapo, na mnyororo ukasahauliwa mpaka mti ukaula. Nimesimama chini ya mbuyu huo mara kadhaa, na kila mara nimeona jambo lile lile. Wageni husikiliza habari ya punda, huitikia kwa adabu, kisha huinama na kuupiga picha mnyororo wa watumwa.

Siwalaumu. Wamekuja kutafuta mnyororo na mnyororo wameuona. Ila kadiri umri unavyosogea nimezidi kuona kwamba sisi wenyeji nasi tunaisoma historia ya misheni ile kwa namna hiyo hiyo. Tunautazama mnyororo, tunamtazama aliyeukata, tunamshukuru, tunarudi nyumbani. Yule aliyekuwa amefungwa hatumuulizi hata jina. Katika kurasa hizi nataka kuichambua historia ya shule ya Bagamoyo kama tunavyosimuliwa katika makumbusho, katika sherehe na katika vitabu, nami nitajitahidi nisimwonee mtu. Msomaji atanivumilia nikisema mapema kwamba habari hii haiko mbali nami.

Kwanza tukumbushane ilivyokuwa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakapokea kazi iliyoanzishwa miaka michache kabla yao na mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion. Unguja wakati huo ilikuwa na soko la watumwa, nalo halikufungwa mpaka Juni 1873. Mapadre walikomboa watoto sokoni, neno ambalo maana yake ni kwamba walitoa fedha wakawanunua. Wengine walikabidhiwa na manowari za Waingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi baharini. Mwaka 1868, kwa idhini ya Sultani Majid, wakavuka na kufungua misheni Bagamoyo, penye nafasi ya mashamba ambayo mjini Unguja haikuwapo. Walikuwapo pia masista Mabinti wa Maria, nao wa kutoka Réunion, waliowatunza wasichana. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliwapitia, kisha Aprili 1872 kimbunga kikabomoa karibu yote waliyojenga. Wakaanza upya.

Shule yenyewe haikuwa kama hizi tunazozijua. Mtoto alijifunza katekisimu, kusoma, kuandika na kuimba, lakini sehemu kubwa ya siku ilikuwa ya jembe au ya karakana. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na uashi. Wasichana kushona, kupika na kufua. Wachache walioonekana wanafaa walianzishwa Kilatini, kwa matumaini kwamba siku moja watakuwa mapadre. Vijana walipofika umri wa kuoa waliozana wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha misheni. Na mapadre walipoanza kwenda bara, Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na Morogoro, hawakwenda peke yao. Walichukua familia za vijana hao wawe mbegu ya vijiji vipya vya Kikristo. Mtu aliyewahi kutekwa bara akaletwa pwani, sasa alirudishwa bara, akiwa na jembe, rozari na mke.

Jambo hili la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo linalopewa nafasi ndogo kuliko yote. Tunasema Bagamoyo ni mlango wa imani. Ni kweli. Lakini mlango haupitwi na padre mmoja mwenye ndevu na msalaba mkononi. Kuta za nyumba ya mapadre, iliyojengwa katika miaka ya 1870, zilisimamishwa na mikono ya watu. Minazi ilipandwa na watu. Hata miche ya kahawa iliyoletwa kutoka Réunion, ambayo uzao wake ulifika mpaka Kilema kule Kilimanjaro, haikujimwagilia maji. Mtu akiwa na akili timamu hawezi kudhani kwamba mapadre wachache, wengi wao wakiugua homa na kufa vijana kama makaburi yao yanavyoshuhudia, waliyafanya hayo yote kwa nguvu zao. Waliyafanya pamoja na wanafunzi wao. Ila katika masimulizi yetu wanafunzi hubaki kundi: "watumwa waliokombolewa". Hutajwa kwa idadi.

Makumbusho ya misheni yako ndani ya nyumba ya zamani ya masista, nyumba ya mwaka 1876, nami nawashauri wote wasioiona waende. Ni kazi ya upendo, na bila kazi hiyo tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini nilipozunguka mara ya mwisho nikiwa na mjukuu wangu, mtoto huyo aliniuliza swali lililonifungua macho. Tulikuwa tumesimama mbele ya picha za kale. Akaonyesha padre, nikamsomea jina. Akaonyesha mwingine, nikamsomea jina. Kisha akaonyesha watoto waliosimama safu, akauliza, "Na hawa, babu?" Nikasema hawa ni watoto wa shule. Akasema, "Najua. Nauliza wanaitwa nani."

Hatua chache kutoka hapo pana mnara wa kanisa la kale ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Huyo naye tunamtaja kila siku, ingawa alikaa Bagamoyo akiwa maiti. Waliomleta kwa miguu kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walikuwa Chuma, Susi na wenzao, na katika hao alikuwamo kijana Jacob Wainwright. Alikuwa ameokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, kule India, katika shule ya watoto kama yeye. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Livingstone alipofia, ndiye aliyeandika kumbukumbu ya safari, na ndiye aliyefika London akawa mmoja wa waliolibeba jeneza katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Namtaja kwa sababu moja tu: tunamjua kwa kuwa aliandika. Usiku ule, kama hesabu yangu ni sawa, kijana aliyefunzwa kuandika katika shule ya waliokombolewa alilala hatua chache kutoka kwenye shule nyingine ya waliokombolewa, ambayo nayo ilifundisha kuandika. Yule tunaye mpaka leo. Hawa hatunao.

Mtu ataniambia kwamba hizo zilikuwa zama zenyewe, na kwamba hakuna aliyewauliza watumwa habari zao. Si kweli. Ng'ambo ya maji, Kiungani katika kisiwa cha Unguja, Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu walikuwa na shule ya wavulana wa namna hiyo hiyo. Walimu wao waliwapa kalamu wakawaambia waandike: ulizaliwa wapi, ulitekwaje, ulipita njia gani. Bwana A. C. Madan akazitafsiri habari hizo, zikatoka kitabu kwa Kiingereza mwaka 1887. Na Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa mwaka 1875, mtoto wa aliyekuwa mtumwa, James Mbotela, aliandika kwa Kiswahili kitabu chake "Uhuru wa Watumwa", kilichotoka mwaka 1934. Kitabu hicho kina kasoro zake, hasa sifa nyingi mno kwa Waingereza, na anayekisoma leo huchoka nazo. Lakini ni mtoto wa nyumba anayesimulia habari za nyumba yake. Bagamoyo tumesimuliwa na wageni wa nyumba.

Wala hatuna haja ya kuvuka maji kutafuta mfano. Upo mjini hapo hapo, kwa jirani. Katika karne ile ile mtoto mwingine aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa. Hakuingia misheni. Aliingia nyumba ya Mwarabu mkubwa wa mji, Amir bin Sulaiman al-Lamki, akalelewa humo, akasoma Kurani na elimu ya dini. Akawa mwanachuoni, akafungua chuo chake, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana na wote kwa jina la Sheikh Ramiya. Alifariki mwaka 1931. Muulize mtu yeyote wa Bagamoyo, Mwislamu au Mkristo, mzee au kijana, atakuambia Ramiya ni nani. Mji wenye waungwana wengi na majina marefu ulikubali kumfuata mtu aliyeingia kwa mlango wa utumwa.

Sisemi kwamba nyumba ya Mwarabu ilikuwa njema kuliko misheni. Waliobaki watumwa mpaka kufa ni wengi, nao hawatajwi popote. Nasema tu kwamba Ramiya aliachwa akue hadi kufikia kimo chake. Alipokuwa mwalimu, alikuwa mwalimu kweli, mwenye wanafunzi wake na neno lake. Mwanafunzi wa misheni, hata akiwa hodari vipi, alibaki mwana. Aliitwa mwana akiwa na miaka kumi, akaitwa mwana akiwa na wajukuu. Hapo ndipo penye kasoro ya shule ile, nami nadhani ni kasoro kubwa kuliko viboko au kazi ya jembe. Ilimfundisha mtoto kusoma, ila haikutazamia kwamba atakuwa na jambo la kusema.

Kitabu kilichonisaidia kuliona hili ni cha Padre Paul Kollman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, "The Evangelization of Slaves and Catholic Origins in Eastern Africa", kilichotolewa mwaka 2005. Mwandishi amechimba barua na taarifa za mapadre wenyewe, akazisoma kama mtu anavyosikiliza ugomvi kupitia ukutani: sauti moja yaisikia, ya pili anaikisia kwa majibu ya ile ya kwanza. Anaonyesha kwamba utaratibu wa Bagamoyo haukuzuka Bagamoyo. Ulitoka Ufaransa na Réunion, kwenye makoloni ya kilimo na nyumba za kuwarekebisha watoto wakosefu, kama ile mashuhuri ya Mettray. Kengele, safu, usimamizi wa saa zote, kazi za mikono: hivyo ndivyo Ufaransa ya karne ya 19 ilivyodhani mtoto maskini hufanywa mtu. Mapadre hawakubuni ukali kwa ajili ya Waafrika. Waliuleta kutoka kwao kama walivyoleta vanila.

Kwa upande wa pili Kollman anaonyesha kwamba watoto hao hawakuwa udongo mikononi mwa mfinyanzi. Wapo waliopenda na kubaki. Wapo walionung'unika, wapo waliodai, wapo waliotoroka, na katika waliotoroka wapo waliorudi. Kwa mtu aliyelelewa na zile hadithi za kwenye sherehe, ambamo watoto wote walikuwa watiifu na wenye shukrani, kurasa hizo ni kama maji ya dafu. Mtoro ni mtu mwenye akili yake. Mtu anayelalamika juu ya chakula anajiona anastahili chakula. Kwa mara ya kwanza niliwaona watu ndani ya lile kundi.

Hata hivyo nina maneno mawili ya kukikosoa. La kwanza, mizani yake bado ni ya misheni. Anauliza zaidi kama watu hawa walikuwa waaminifu kwa Kanisa au la, naye huwapima kwa hilo. Mimi ningependa kujua na mengine: walicheza ngoma gani jioni, waliposikia ngoma za mjini walitamani nini, mtu wa Kiyao aliyeozwa Mzigua walizungumzaje chumbani. La pili si kosa lake bali ni letu. Kitabu ni cha Kiingereza, kimetolewa mbali, na wajukuu wa watu anaowaandika wako Bagamoyo, Mandera na Morogoro wakisoma Kiswahili. Hatujakitafsiri. Tumeandaa jubilei ya miaka 150 mwaka 2018, kwa nyimbo, vitenge na hotuba. Mwaka 2025 Bagamoyo imefanywa jimbo, jambo la furaha kubwa. Kutafsiri kitabu kimoja hatujaweza.

Nimefika mahali ambapo lazima nijitaje. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa katika kijiji cha misheni. Hilo nalijua kwa sababu alikuwa akisema hivyo, na hakusema zaidi. Watu walipomuuliza kabila, alijibu, "Sisi ni watu wa misheni," kisha akauliza kama mgeni amekula. Utotoni sikuona ajabu. Nilidhani Misheni ni kabila, kama Wazaramo na Wakwere. Nilipokuwa nikiandikishwa shule ya kati, karani aliuliza kabila la mama. Nikasema mtu wa misheni. Wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mmoja akatamka neno ambalo msomaji wa pwani atalikisia, maana huku kwetu tusi kubwa kuliko yote ni kumkumbusha mtu kwamba babu yake alinunuliwa. Karani akaniangalia, akarudia swali. Nikamwambia Mzaramo.

Sikumwambia bibi. Lakini nadhani alijua, kwa kuwa baada ya hapo hakulitumia tena neno lile mbele yangu, wala mimi sikumuuliza tena lolote mpaka alipofariki. Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nimewafundisha watoto wa watu historia ya Wareno na ya Wajerumani, na habari za nyumbani kwetu nilizifunga kwa neno moja kwenye fomu.

Kwa hiyo ninapolalamika kwamba majina ya watoto hayako ukutani, najua wa kulaumiwa si mapadre peke yao. Padre hambatizi mtu bila kumwandika. Majina hayo, ya ubatizo angalau, yaliingia kwenye madaftari. Sisi wazao ndio tuliokuwa na lile jina jingine, alilopewa mtoto na mama yake kabla ya soko, na sisi ndio tuliolinyamazia. Bibi yangu alinyamaza kwa kuwa mji haukumwachia njia nyingine. Mimi nilinyamaza kwa aibu. Makumbusho yakinyamaza, yanarudia tu tulichoyafundisha.

Basi nini kifanyike? Sitaki mnara wala sanamu. Tunazo za kutosha. Nataka majina. Bagamoyo ya leo ina shule za Kikatoliki zinazojulikana nchi nzima. Baraza la Mitihani lilipokuwa bado likitangaza shule kumi bora, Shule ya Wasichana ya Marian ilikuwa ikitajwa mara kwa mara, na picha za mabinti waliofaulu zikitoka magazetini na majina yao kamili. Nilifurahi kila nilipoziona. Mabinti kama hao, wakipewa likizo moja na mwalimu mmoja wa historia, wanaweza kukaa na madaftari ya ubatizo wakanakili majina ya wasichana waliowatangulia kwenye mji huo, mmoja mmoja, na mwaka wake. Wanaweza kwenda kwa wazee wa Bagamoyo na Mandera wakauliza kwa heshima, na asiyetaka kusema aachwe. Orodha hiyo ikibandikwa chini ya zile picha za kale, mjukuu wa mtu akiuliza wanaitwa nani, babu yake atakuwa na la kumsomea.

Nami nisiwe wa kuwatuma wengine tu. Juzi nimeandika kwenye karatasi yote ninayoyajua juu ya bibi yangu, nikampelekea katekista wa parokia aiweke panapofaa. Nilitegemea ukurasa mzima. Ilikuwa mistari minne. Alizaliwa kijiji cha misheni, Bagamoyo. Alifundishwa kushona na masista, na mshono wake haukufumuka. Alijua sala za Kilatini kwa moyo na hakujua maana yake. Mama yake aliletwa kutoka bara akiwa mdogo, na alikuwa akimwimbia wimbo wa kulalia kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua.